Dada Yangu Anahojiwa Anderlecht

Dada yangu alikuja Brussels kumwona mtoto wetu wa kwanza, na hakuwa na shughuli nyingine yoyote. Nyumbani Kenya alikuwa hakimu. Alikuwa amehamishwa kituo baada ya kituo, na likizo ya mwaka ule aliamua kuimalizia kwetu Anderlecht, kwenye fleti yetu ya ghorofa ya nne. Mke wangu ni Mtanzania wa Morogoro, na kabla mgeni hajafika alikuwa na wasiwasi.

"Wifi akikuta sijakunja nguo atanifunga," alisema.

Nilimhakikishia kwamba hakuna mtu aliyewahi kufungwa kwa sababu ya nguo. Lakini nilimwelewa. Dada ni mtu wa maneno machache. Ukimweleza jambo anakutazama mpaka umalize, halafu anaendelea kukutazama, na wewe unajikuta umeongeza hata lile ulilokusudia kulificha. Mimi ni mdogo wake wa mwisho na nimekua chini ya macho hayo. Nadhani ndiyo maana nikawa mpishi. Sufuria haikutazami.

Hofu ya mke wangu iliisha siku ya pili. Dada alimwogesha mtoto, akampaka mafuta, akamwimbia kwa Kitaita nyimbo ambazo mimi nilidhani amezisahau. Nikirudi nyumbani kutoka kantini ya ofisi moja karibu na Schuman, ninakopika, nilikuwa nawakuta wifi wawili wamekaa jikoni wakinisengenya waziwazi. Nilifurahi sana.

Jumamosi moja nilimpeleka Matonge, mtaa wa maduka ya Kiafrika. Tulitokea kituo cha metro cha Porte de Namur, tukanunua sombe, yaani kisamvu, iliyokwisha kutwangwa, ndizi za kupika na samaki wa chumvi. Tulikuwa tumesimama mbele ya duka la vitambaa, dada akivutavuta ncha ya kitenge kuona kama rangi itachuja, simu yake ikalia. Akasoma, akasoma tena, akanipa.

Ilikuwa barua pepe kutoka kwa tume inayoteua majaji. Jina lake limo kati ya watakaohojiwa kwa nafasi ya jaji wa Mahakama Kuu. Nilitaka kumkumbatia hapo hapo barabarani. Yeye akachukua simu yake, akaitia mkobani.

"Vitunguu bado hatujanunua," alisema.

Ni ndani ya metro, mifuko ikiwa miguuni mwetu, ndipo aliponieleza. Kwetu Kenya anayetaka ujaji huhojiwa hadharani. Tume inakaa mbele yako kwenye meza ndefu, wewe una kiti chako na glasi ya maji, kamera zinakutazama, na nchi nzima ikipenda inaweza kukutazama pia. Wanakuuliza hukumu ulizoandika, mali uliyo nayo, hasira zako, na mawazo yako juu ya uwezo wa mahakama kufuta sheria ambayo wawakilishi wa wananchi wameipitisha. Hayo niliyajua. Nilijua pia kwamba aliwahi kuomba nafasi hiyo miaka kadhaa nyuma akaikosa. Nisilolijua ni namna alivyoikosa.

"Sauti ilinitoka," alisema. "Si kwamba sikujua jibu. Nilifungua mdomo, hakuna kitu."

Kisa chenyewe kilikuwa cha akina mama wa mahindi. Alipokuwa kituo kimoja, askari wa kaunti walimletea wanawake waliokamatwa kwa kuuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara, kinyume cha sheria ndogo ya kaunti. Dada aliitazama sheria ile akaona inawanyima watu haki ya kujitafutia riziki bila sababu ya maana. Akasema ni batili, akawaachilia. Kaunti ikaenda Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu ikatengua uamuzi wake. Ilisema hakimu wa ngazi yake hana mamlaka ya kubatilisha sheria. Kazi hiyo ni ya Mahakama Kuu.

"Sasa kwenye mahojiano yale," aliendelea, "mjumbe mmoja akaniuliza: 'Ulichukua mamlaka yasiyo yako. Leo unakuja kutuomba tukupe mamlaka yale yale. Utayafanyia nini?' Ndipo nilipotoa hewa tupu."

Sehemu ile ya kunyamaza ilikatwa ikasambazwa kwenye simu za watu. Makarani wa mahakama waliigiza: mmoja anauliza swali, mwingine anafungua mdomo kama samaki. Alikuwa akiwasikia wakicheka kwenye ujia, wakinyamaza anapopita. Alisema yote hayo akitazama nje ya dirisha la metro ambako hakuna cha kutazama ila ukuta wa handaki. Nikamwambia nitapika ndizi.

Mahojiano yalipangwa siku chache tu baada ya likizo yake kwisha. Kama ni mazoezi, ingebidi ayafanyie kwetu. Jioni iliyofuata nilivaa koti langu la harusi, nikakaa upande wa pili wa meza ya chakula, nikamwuliza kwa Kiingereza cha taratibu ni kwa nini anataka kuwa jaji. Alianza vizuri. Halafu akaniona nilivyokunja uso, akacheka, nami nikacheka, na mke wangu aliyekuwa akimnyonyesha mtoto akacheka mpaka mtoto akaacha titi akaanza kulia. Tulijaribu tena kesho yake, matokeo yakawa yale yale.

"Wewe hakuogopi," mke wangu aliniambia. "Alikubeba mgongoni. Mtafutie mtu asiyemjua. Mwite papa wa chini."

Papa wa chini alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya pili, mzee wa Lubumbashi aliyefanya kazi ya bima miaka mingi hapa Brussels na sasa amestaafu. Yeye na mkewe, ambaye sote tulimwita maman, walikuwa wamenunua fleti yao zamani, wakati sisi tulikuwa wapangaji tu. Papa alikuwa mtu wa kuuliza. Fundi akija kutengeneza lifti, papa anashuka kumwuliza. Padri akimaliza kuhubiri, papa anamsubiri mlangoni. Nilishuka kumweleza ombi letu, nikidhani atalichukulia kama mchezo. Alinisikiliza amesimama, mkono kiunoni.

"Banamuuliza devant tout le monde? Ku télé?" alitaka kuhakikisha.

"Ndiyo, papa. Mbele ya watu wote."

"Ni muzuri. Ku kwetu hatuonaka vile. Unasikia tu jina ku radio, muntu fulani sasa ni juge. Bon. Tutakuya dimanche, kisha misa."

Jumapili walipanda. Papa alikuwa bado na suti ya kanisani na tai ya rangi ya damu ya mzee. Maman alikuja na sufuria ya bukari, ugali wa kwao, imefungwa kwa kitambaa, akaiweka jikoni, akamchukua mtoto mikononi mwa mke wangu bila kuomba, kisha akakaa karibu na mumewe. Nikawa mimi mjumbe wa tatu. Dada aliketi peke yake upande wa dirisha, na maji yake mbele.

Kitu kimoja hatukukifikiria. Papa na maman hawajui Kiingereza, na dada hajui Kifaransa. Ilibaki Kiswahili, chao cha Katanga na chetu cha pwani na bara. Na dada, ingawa anazungumza Kiswahili tangu utotoni, sheria aliisoma kwa Kiingereza na hukumu zake zote ameziandika kwa Kiingereza.

"Bon, maman juge," papa alianza.

"Bado si jaji, papa."

"Njo tunaona leo. Utuambie: juge anafanya kazi gani?"

Dada akaanza. Aliongea juu ya mgawanyo wa mihimili ya dola, utawala wa sheria, mamlaka ya kimahakama na mipaka yake, na kila alipokwama alitia neno la Kiingereza kama mtu anayeweka jiwe kwenye dimbwi ili avuke. Papa alimsikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Umesema muzuri sana," alisema. "Mais mi sijasikia kintu."

Niliona dada akishika glasi. Nilijua uso ule, na nikafikiri tumemwongezea kidonda juu ya kidonda. Lakini maman akaingilia, akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Dada, usiogope huyu. Umwambie kama unaambia mutoto wa nyumba."

Dada alinywa maji. Akafikiri. Kisha akasema kwamba watu wawili wakigombana, na kila mmoja anaamini haki ni yake, lazima awepo mtu wa tatu ambaye hana cha kupata mmoja wao akishinda. Huyo anasikiliza wote wawili, anatazama kile ambacho watu wote walikubaliana zamani, kisha anaamua, na anaandika sababu ili hata aliyeshindwa azisome.

"Hapo nimesikia," alisema papa. Akavuta kiti karibu. Sasa alikuwa amepata anachokitaka. "Alors, question ya pili. Batu banachagula badéputé. Ni batu bengi, milioni. Badéputé banakaa, banabishana, banapitisha loi. Kisha we, uko peke yako, hakuna muntu alikuchagula, unasema apana, hii loi ni bure. Nani alikupatia ile pouvoir?"

Kabla dada hajajibu, maman akageuka na kiti chake chote.

"Papa, unauliza juu ya Kenya ao juu ya poussette?"

Mke wangu alicheka kutoka jikoni. Ilibidi nimweleze dada. Mwaka uliotangulia, mkutano wa wenye fleti ulikuwa umepiga kura kwamba ni marufuku kuacha poussette, yaani kigari cha mtoto, kwenye ukumbi wa chini. Wengi walikubali. Lifti yetu ni nyembamba, na kigari hakiingii humo hata ukikibembeleza. Mama mmoja kijana wa ghorofa ya tano, mwenye watoto pacha, akaenda kulalamika kwa juge de paix, hakimu wa mtaa anayeamua magomvi ya majirani na ya wapangaji. Hakimu akasema kura ile inawaonea wachache bila sababu, akaifuta. Papa alikuwa ameipigia kura marufuku ile, na maman alikuwa upande wa mama wa pacha. Hukumu ilikwisha kutolewa, lakini katika ghorofa ya pili kesi ilikuwa ingali inaendelea.

"Ni question ile ile," alisema papa bila haya. "Tulivoté. Tulikuwa bengi. Yule juge hakai hapa. Hajawahi kuanguka juu ya poussette. Mi nilianguka. Aliandika karatasi moja, kura yetu yote ikaenda."

"Na yule mama angebeba pacha na poussette mpaka juu namna gani?" maman aliuliza. "Bengi balisema ndiyo juu beko bengi. Bale bengi habana batoto tena."

Walibishana. Sisi tulibaki watazamaji, kwa sababu mume na mke waliokaa pamoja miaka mingi wakibishana hakuna tume inayoweza kuwaingilia. Niliona dada akimtazama mmoja, kisha mwingine, na mabega yake yakashuka. Alikuwa kazini. Aliwaacha wakamaliza, halafu akauliza:

"Papa, hilo jengo lenu lina kanuni zake? Za tangu mwanzo?"

"Iko na règlement. Tulisaini siku ya kununua."

"Kanuni hizo, au sheria za nchi hii, zinaruhusu wengi kufanya lolote wanalotaka?"

Papa alikuna kidevu. "Lolote, apana."

"Basi hakimu hakuja na kura yake ili ishinde yenu. Alichukua neno lenu la zamani, mlilokubali wote mkiwa mmetulia, na lile la sheria iliyo juu yenu, akayaweka kando ya neno lenu jipya, akasema haya hayakai pamoja. Jaji akifuta sheria kwa sababu yeye haipendi, huyo amewaibia wananchi, na papa una haki ya kukasirika. Akiifuta kwa sababu inavunja katiba ambayo wananchi wenyewe waliipigia kura, amewarudishia chao."

"Na tutajua namna gani ni ipi kati ya zile mbili?"

"Ndiyo maana anaandika sababu. Na ndiyo maana kuna mahakama juu yake. Na ndiyo maana wataniuliza maswali mbele ya watu."

Papa hakukubali. Alisema hata sababu zikiandikwa vizuri, muntu mumoja ni muntu mumoja. Dada alisema hilo ni kweli, na kwamba anaogopa jaji asiyeliona kuwa kweli. Waliendelea hivyo mpaka bukari ikapoa ikabidi ipashwe moto. Tulipokuwa tukila, maman ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, akitoa miiba ya samaki:

"Na wewe, dada, balishakufutia jugement yako?"

Nikatazama sahani. Dada akanawa vidole kwenye bakuli. Akasimulia habari ya akina mama wa mahindi, yote, kwa Kiswahili, mbele ya sombe na samaki. Maman alimwuliza alijisikiaje siku ile walipoifuta.

"Niliumia," alisema dada. "Na niliposoma hukumu ile niliona walikuwa sahihi juu ya mamlaka. Kazi ile haikuwa yangu. Ningepaswa kuipeleka juu. Lakini juu ya wale mama, kwamba hawakustahili kukamatwa, mpaka leo naona nilikuwa sahihi. Yote mawili ni kweli. Siku ya mahojiano nilidhani lazima nichague moja. Nikijitetea, nitaonekana mkaidi. Nikikubali, nitakuwa nimewasaliti. Kwa hiyo nikakosa la kusema."

"Mais umesema sasa," alisema papa. "Umesema yote mawili, na hakuna muntu amekufa."

Dada akacheka. Sikumbuki kama niliwahi kumwona akicheka namna ile akiwa ameshika tonge.

Tangu siku hiyo ghorofa ya pili na ya nne hazikuwa na mpaka. Papa alikuwa akipanda na swali jipya karibu kila alasiri. Mengine yalikuwa ya maana, kama lile la jaji kusikiliza kesi ya mtu aliyesoma naye. Mengine hayakuwa na kichwa wala miguu; aliwahi kumwuliza kama jaji anaruhusiwa kucheza ndombolo harusini. Dada alifikiri, akajibu kwamba inategemea ni harusi ya nani na kama ana kesi mbele yake. Papa aliona jibu hilo ni zuri sana, akalirudia kwa watu parokiani.

Siku moja dada aliporudi kutoka dukani na mtoto nilishuka kumpokea, nikamkuta papa ameinama chini ukumbini anakisukuma kigari chetu ukutani ili kisizuie mlango. Nilimtania kwamba amebadilisha msimamo.

"Sijabadilisha kintu," alisema. "Mi niko contre. Mais mutoto hana makosa."

Maman naye alimpeleka dada Matonge tena, safari hii bila mimi. Walirudi na kitenge kile alichokuwa akikivutavuta siku ya barua pepe, na maman akakishona mwenyewe kuwa mtandio. Dada alisema tume ya Nairobi inapenda nguo za kijivu na bluu. Maman akamwambia atauvaa chini ya koti, wao hawataona, yeye atajua. Siku tulipomsindikiza uwanja wa ndege, papa alivaa tai. Hakumwambia kila la heri. Alimwambia: "Bakiuliza, kwanza unywe maji."

Siku ya mahojiano nilibadilishana zamu na mwenzangu wa kantini. Nairobi wametutangulia kwa saa moja tu majira yale, kwa hiyo asubuhi mapema tulikuwa tumeunganisha kompyuta na televisheni, chai imeiva, maman na papa wamekaa kwenye kochi, mke wangu amekaa chini na mtoto mapajani. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri, kwa sababu mahojiano yalikuwa ya Kiingereza.

Dada aliingia, akakaa. Alikuwa na koti la kijivu. Maman akainua kidole: kwenye shingo kilionekana kipande kidogo cha rangi ya chungwa.

Walianza na masomo yake, vituo alivyofanyia kazi, malalamiko mawili yaliyowahi kuandikwa juu yake. Alijibu taratibu. Mimi nikitafsiri, papa akitoa maoni.

"Hii question ni mubaya. Kitu anauliza anajua tayari."

"Papa, nyamaza tusikie," alisema maman.

Kisha mjumbe mmoja mwenye miwani akafungua faili lake, nikajua. Akauliza juu ya sheria ndogo ya kaunti, akataja uamuzi wa Mahakama Kuu, akauliza dada anaiona wapi mipaka kati ya bunge na mahakama, na kwa nini tume iamini kwamba safari hii ataijua mipaka hiyo. Nilimtafsiria papa kwa kasi. Dada alinyoosha mkono, akachukua glasi, akanywa. Akairudisha. Akafungua mdomo.

Picha ikasimama.

Alikuwa pale kwenye televisheni yetu, mdomo wazi, mkono umeinuka kidogo, hakuna sauti. Duara dogo likaanza kuzunguka katikati ya uso wake. Nikabonyeza kila kitufe. Mke wangu alisema ni intaneti, ni intaneti tu, lakini hakuna aliyemwamini, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokuwa kwenye ile video ya zamani. Papa alisimama akaenda dirishani, akarudi. Maman alifumba macho na midomo yake ilikuwa ikisogea.

Nilizima kompyuta nikaiwasha upya. Ilichukua muda unaotosha mtu kusali rozari nusu. Picha iliporudi, mwenyekiti wa tume alikuwa anatabasamu, yule wa miwani anaandika kitu, na dada amekaa ameegemea kiti. Hatukuweza kujua ni tabasamu la namna gani. Watu hutabasamu pia wanapomwonea mtu huruma. Maswali mengine mawili yalifuata, akajibu, akashukuru, akatoka.

Tulingoja simu yake. Chai ilipoa. Papa alianza kulaumu kampuni ya intaneti, kisha serikali ya Ubelgiji yote kwa jumla. Simu ilipolia niliweka spika.

"Mliona?" dada aliuliza.

"Hatukuona," nilisema. "Ilikatika hapo hapo. Ulijibu nini?"

Tukasikia anacheka, yuko nje mahali fulani, magari yanapita nyuma yake.

"Yaani nilisema vizuri mara moja katika maisha yangu na ninyi hamkuona."

Akatueleza. Alikuwa amemwambia mjumbe yule kwamba Mahakama Kuu ilikuwa sahihi kumwambia mamlaka si yake, na kwamba bado anaamini wale wanawake hawakustahili kukamatwa, na kwamba mtu asiyeweza kubeba mambo hayo mawili kwa pamoja asipewe ujaji. Mjumbe akamwuliza: na bunge likikasirika? Akajibu kwamba bunge lina haki ya kukasirika, na yeye ana wajibu wa kuandika sababu ambazo hata mbunge aliyekasirika anaweza kuzisoma akazielewa. Mwenyekiti akamwuliza amejifunzia wapi kusema mambo ya sheria kwa lugha nyepesi namna ile. Akasema kwa jirani wa mdogo wake, huko Anderlecht, aliyemhoji kwa Kiswahili na kumwambia hajasikia kitu.

Papa aliposikia nikimalizia kutafsiri sehemu ambayo haikuhitaji kutafsiriwa, maana dada alisimulia kwa Kiswahili, alikaa chini.

"Alisema juu yangu ku télé?"

"Ndiyo, papa."

"Na intaneti ikakatika."

Maman alicheka mpaka akatoa machozi. Baadaye mke wangu aliitafuta rekodi, tukaitazama pamoja, na papa aliomba sehemu ile irudishwe. Tuliirudisha mara nyingi. Alikuwa anajifanya anataka kusikia jibu la dada juu ya bunge.

Majina ya walioteuliwa yalitangazwa wiki kadhaa baadaye. Nilikuwa kantini, nimevaa aproni, nakata vitunguu vya watu wa ofisi, mke wangu akanipigia akilia. Mpishi mkuu, Mbelgiji mpole, alidhani kuna msiba, akaniambia niende nyumbani. Nilimweleza kwamba dada yangu amekuwa jaji. Alinishika mkono, akaniuliza ni jaji wa mashindano ya mapishi au wa mahakama. Nikamwambia wa mahakama. Akasema pole, halafu akasema hongera, halafu akaniruhusu kwenda hata hivyo.

Alipoapishwa tulimwona kwa simu, amevaa joho na wigi limemkaa upande kidogo. Papa alisimama wima mbele ya skrini ndogo ya mke wangu, na hakukaa mpaka dada alipomwambia akae. Waliulizana habari za afya. Kisha papa akamwambia kwamba yeye bado hakubaliani, muntu mumoja ni muntu mumoja, na dada akamwambia aendelee hivyo hivyo.

Alipangiwa mji wa mbali, wenye joto, nyumba ya serikali yenye mabomba yasiyotoa maji. Alinipigia Jumapili ya kwanza akiwa huko, nikamwuliza kama anaogopa. Alisema hajapata nafasi ya kuogopa, bado anatafuta pipa la kuwekea maji. Aliniuliza mtoto ameota meno mangapi, akanituma nimsalimie maman, akasema kesho asubuhi ana kesi ya ardhi yenye watu wengi na mafaili marefu, naye bado hajamaliza kusoma. Akakata simu akaenda kusoma.